Jogoo Aliyemmeza Kamanda

Mke wangu aliniomba hadithi hii nisiisimulie ofisini. Ofisini sijaisimulia.

Mimi ni mhasibu, mmoja wa wale tuliohamia Dodoma na makabrasha yetu serikali ilipohama. Dar es Salaam jioni yangu ilikuwa ikiishia kwenye foleni. Huku natoka kazini saa tisa na nusu, saa kumi haijafika niko nyumbani Nkuhungu, nimeshavua viatu, sina la kufanya. Wenzangu wakanunua mashamba ya zabibu. Mimi nikajipatia kifaru.

Kifaru cha vita, cha plastiki, jamani. Cha kuunga mwenyewe, kilichopunguzwa mara 35 kutoka kile cha kweli. Aliniletea rafiki yangu aliyekuwa masomoni China, kasha limebonyea pembe moja kwa kukaliwa na mabegi. Aina yake ni Type 59, ambayo Wachina walianza kuiunda mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kufuata T-54 ya Warusi. Cha kweli kina uzito wa tani 36, na kutoka ncha ya mzinga hadi mgongoni ni mita 9 na kidogo. Changu ni sentimita 26. Ukikilaza kwenye karatasi ya barua, karatasi inabaki. Nilikitaka hicho hasa kwa sababu jeshi letu nalo lilikuwa navyo, na kwa sababu marehemu baba mdogo alikuwa akitusimulia vita ya Kagera kila sikukuu. Alianza na Oktoba 1978 na hakunyamaza mpaka Kampala imeanguka na wali umepoa.

Vipande vyake huja vimeshikana kwenye fremu, kama zabibu kwenye kichala, ila zabibu hazina namba. Unakata, unapiga msasa, unatia gundi, unasubiri. Koleo maalumu za kazi hiyo nilizitafuta Soko la Majengo, nikaonyeshwa za fundi umeme zinazoweza kung'oa mlango. Nikarudi nyumbani nikachukua kikata kucha. Mnyororo peke yake una vipande zaidi ya 150, na hakuna kinachofika nusu ya njiti ya kiberiti. Huo ulikula mwezi mzima. Magurudumu ni matano kila upande, na kati ya la kwanza na la pili kuna pengo kubwa kuliko mengine, kama mtu aliyeng'oka jino la mbele. Nikadhani kiwanda kimekosea, nikawa tayari nina kisu mkononi nikirekebishe kiwanda. Bahati nikatazama picha ya kile cha kweli. Nacho kina pengo.

Halafu suala la vumbi. Wapenzi wa kazi hii huko duniani hununua vumbi. Narudia: hununua vumbi, limetiwa kwenye vichupa, kwa fedha taslimu, ili kifaru kisionekane kimetoka dukani. Mimi nilitoka nje na kijiko. Nikachota nyuma ya jiko, nikachekecha kwa soksi ndefu ya mke wangu (hilo naye hajui, au sasa anajua), nikalipaka na maji kidogo kwenye mnyororo, kifaru kikawa kama kimetoka Manyoni kwa miguu. Kama kuna mtu Ulaya anasoma hapa, ninalo la kutosha. Niambie tu unataka la Nkuhungu au la mtaa wa Kisasa.

Walibaki watu. Kifaru hicho hubeba askari wanne, lakini kwenye kasha walikuwemo wawili tu wa kuchomoza juu, kamanda na mwenzake. Kichwa cha kamanda na kofia yake ni sawasawa na punje ya kunde. Na kwa kuwa nilitaka awe kamanda wetu, nilimpaka rangi ya kahawia, nikamtia kivuli cheusi kwenye macho, nikamng'arisha pua na mashavu kwa brashi ambayo nilikuwa nimeipunguza mpaka zikabaki nywele tatu. Jioni mbili. Macho niliyaweka nikiwa nimebana pumzi. Alitoka mzuri yule bwana. Alikuwa anatazama mbali kidogo, kama anayesubiri basi na analiona limejaa.

Nikamchoma kichwa kwenye kijiti cha meno, kijiti nikakisimika kwenye kipande cha godoro, nikaweka kibarazani akauke.

Siku hiyohiyo ndiyo mama mkwe aliyoteremka kutoka Mpwapwa kuja kutazama maonyesho ya wakulima ya Nanenane. Kashika kikapu, ndani ya kikapu jogoo mwekundu wa kienyeji, miguu imefungwa, macho yametoka. Wagogo hawaji mikono mitupu.

"Mbukwenyi," nikamwamkia, maana hicho ndicho Kigogo changu chote, kisha nikamalizia na shikamoo kwa usalama.

"Marahaba, baba. Huyu tutamla siku ya sikukuu. Mfungue apunge upepo."

Sasa mjue kitu kimoja. Mama mkwe wangu ni mtu wa heshima zake, na mke wangu alikuwa ameshamwambia kwamba kile chumba cha nyuma kinachofungwa na ufunguo ni cha "kazi za ofisi". Mtu wa miaka arobaini na tatu, baba wa watoto wawili, huwezi kumweleza mama aliyekupa binti yake kwamba jioni unavisha mwanasesere kofia. Kwa hiyo kifaru kilikuwa kimepanda juu ya kabati, kimefunikwa khanga.

Nikamfungua jogoo. Upepo wa Agosti wa Dodoma mnaujua, ule unaokuja na mfuko wa nailoni na habari za mtaa wa pili. Ukapiga kibarazani, kipande cha godoro kikabiringika, kijiti kikachomoka. Kichwa kikadondoka kwenye vumbi, kikatulia, uso juu.

Jogoo alikitazama kwa jicho la kulia. Akageuza shingo, akakitazama kwa jicho la kushoto. Mimi niko hatua nne. Nilisema "ala!" na yeye akasema "ko", na shingo ikapanda juu, ikatikisika mara mbili, basi. Kamanda alikuwa ameshuka.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kusahau, kumchongea kamanda kichwa kingine cha plastiki. Mtu ambaye hajawahi kupaka macho kwa nywele tatu ndiye atakayenishauri hivyo. Ya pili ni kusubiri. Kilichoingia hutoka.

Kwa hiyo kesho yake saa kumi na mbili alfajiri nilikuwa uani, nimevaa koti kwa baridi, nimechuchumaa nyuma ya jogoo na kijiti mkononi. Akiangusha, nachokoa. Akisogea, nasogea. Alikwenda kwenye mwarobaini, nikaenda kwenye mwarobaini. Alipopanda juu ya karo nikaona nimpe faragha, lakini sikumwondolea macho. Nikasikia mtu anakohoa. Mama mkwe yuko mlangoni, kajitanda khanga, na haikuwa dalili ya mtu aliyefika sasa hivi.

"Baba," akaniambia kwa upole, kama unavyoongea na mgonjwa, "huyo ni jogoo."

"Najua, mama."

"Jogoo hatagi."

"Ndiyo, mama."

"Hata ukimsubiri mpaka Krismasi."

Akaingia ndani. Nikamsikia jikoni anamuuliza binti yake kama mshahara unatoka. Mke wangu, ambaye alikuwa anajua kila kitu na angeweza kuniokoa kwa sentensi moja, alisema unatoka, ila siku hizi mimi nina mawazo. Tangu hapo nikawa napakuliwa ugali mara mbili.

Siku ya pili, hakuna kitu. Jogoo mwenyewe alishaanza kunizoea; nikitoka tu anageuza mgongo. Siku ya tatu ndipo nikakumbuka elimu ya shule ya msingi. Kuku hana meno. Anachomeza kigumu hakipiti hivihivi, kinakaa kwenye firigisi pamoja na vijiwe kusaga nafaka. Kamanda wangu hakuwa safarini. Alikuwa kazini, anasaga mtama.

Ikafika tarehe 8 Agosti. Asubuhi tulikwenda viwanja vya maonyesho vya Nzuguni, tukaona ng'ombe, tukaona matrekta, tukala vumbi la kutosha kupaka vifaru vya jeshi zima. Mama mkwe alifurahi. Mimi nilikuwa nahesabu saa. Tuliporudi nikachinja mwenyewe, na kabla manyoya hayajaisha kunyonyolewa nikatangaza kwamba leo nitasafisha mimi matumbo.

Mke wangu akatazama juu. Mama mkwe akaweka sufuria chini.

"Mkwe wangu aoshe utumbo wa kuku, na mimi nipo, mzima?"

"Nataka kuwapumzisha, mama."

"Kakae sebuleni, baba. Ukae kabisa."

Nikakaa. Nikawasha redio sikuisikia. Kwenye dirisha la jikoni palikuwa na mazungumzo, maji, kisu kwenye ubao. Najua anavyofanya: anaipasua firigisi kati, anaifunua kama kitabu, anamwaga mchanga, kisha anauchuna ule utando wa njano kwa ukucha. Nikasikia inapasuliwa. Nikasikia mchanga unamwagwa kwenye bakuli la bati, cha-cha-cha, halafu ti.

Kimya.

"Mama nanii," akamwita mwanawe, sauti imekwenda chini. "Njoo. Usiguse. Njoo tu. Jogoo kala mtu."

Hapo jirani wa upande wa zabibu, ambaye alikuwa amekuja kuazima mwiko tu, akapiga yowe kwa niaba ya wote. Nilipofika jikoni bakuli lilikuwa katikati ya sakafu na wanawake watatu wamelizunguka kwa umbali wa heshima. Kamanda amelala juu ya changarawe, anatazama dari.

"Ana macho," mama mkwe akasema. "Kanitazama."

"Na kofia," jirani akasema.

Mambo yakaanza kwenda mbio. Jirani akataka kujua jogoo alinunuliwa kwa nani. Mama mkwe akasema hakununuliwa, alibadilishana kwa debe la karanga na mwanamke mmoja wa kule kwao, na alipofika kwenye "mwanamke mmoja" akanyamaza, akakumbuka kitu, akajishika kifua. Kumbe walikuwa na kesi ya mpaka wa shamba tangu mvua za mwaka juzi. Akaomba simu. Mzee wa kanisa akatajwa. Mwenyekiti wa mtaa akatajwa. Nikaona nikikaa dakika tano zaidi, kuna mama wa watu huko Mpwapwa atafuatwa na kijiji.

"Ni wangu," nikasema.

Wote watatu wakanigeukia. Sentensi hiyo, nakiri, ningeweza kuipanga vizuri zaidi.

Nikaenda kabatini, nikashusha kifaru, nikakivua khanga, nikakileta jikoni mikono miwili kama naleta keki. Kamanda alikuwa amesimama kwenye tundu lake, mikono kwenye ukingo, shingo wazi. Nikaokota kichwa kwenye bakuli, nikakisuuza bombani, nikakikalisha. Kikaingia barabara.

Mama mkwe alivuta kigoda akakaa. Akakitazama kifaru mbele, akakizungusha akakitazama nyuma, akapitisha kidole kwenye mnyororo, akakinusa kidole.

"Hili vumbi ni la kweli."

"La nyuma ya jiko, mama."

"Na hiki ndicho ulichokuwa unamsubiria jogoo wangu alfajiri zote zile?"

"Ndiyo, mama."

Mdomo ukaanza kumcheza upande mmoja. Akajaribu kukaza. Akasema, "Na mimi nikamwambia hatagi," na hapo akaangua kicheko ambacho kilimtoa kwenye kigoda mpaka sakafuni. Jirani alisahau mwiko.

Firigisi nilipewa mimi, kama desturi inavyotaka. Alikuwa ameiosha mara tatu.

Usiku nikamchukua kamanda kwenye taa na miwani nimpake upya. Sikumpaka. Siku tatu za vijiwe zilikuwa zimemchubua kofia kwenye ukingo palepale ambapo kofia ya kweli huchakaa, pua imepauka, kivuli cha macho kimebaki ndani ya mashimo yake. Nimetumia sponji, brashi kavu, na lugha chafu, sijawahi kupata kitu kama kile. Nikatia tone la gundi shingoni nikazima taa.

Mama mkwe akipiga simu sasa huuliza watoto, huuliza mvua, halafu hushusha sauti.

"Na yule wa kwenye firigisi, hajambo?"

"Hajambo, mama. Yuko kazini."