Goti la Lena Oberdorf: alichezeshwa mapema mno?

Oktoba 2025 Bayern Munich walikuwa wanaitandika Köln kwenye ligi ya wanawake ya Ujerumani, lakini siku ile habari haikuwa mabao. Lena Oberdorf, kiungo wa Bayern na timu ya taifa ya Ujerumani, alikuwa amechanika kano ya mbele ya goti la kulia, ile ambayo wanamichezo wanaiita ACL. Goti lilelile, kano ileile iliyomweka nje zaidi ya mwaka mzima. Alikuwa na wiki chache tu tangu arudi uwanjani.

Wachambuzi wakagawanyika papo hapo. Kuna waliosema binti alichezeshwa mno tangu akiwa mdogo, sasa mwili unadai chake. Wengine wakasema ni bahati mbaya, waachwe madaktari wafanye kazi yao.

Wanaolalamika wana pa kuanzia. Oberdorf alizaliwa Desemba 2001 huko Gevelsberg, na mpaka anafika miaka 16 alikuwa anacheza na wavulana kwenye klabu ya TSG Sprockhövel. Mwaka 2018 akaenda SGS Essen, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 17 na siku 171, aliingia kutoka benchi dhidi ya China kwenye Kombe la Dunia kule Ufaransa. Rekodi ya Birgit Prinz ya Mjerumani mdogo zaidi kucheza mashindano hayo ikaanguka. Mwaka 2020 akahamia Wolfsburg. Mwaka 2022 alikuwa kwenye fainali ya Euro pale Wembley, mbele ya watu 87,192. Ujerumani walifungwa 2-1 na England, ila tuzo ya mchezaji bora chipukizi ikawa yake. Mwaka 2023 akacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa: Wolfsburg wakaongoza 2-0, Barcelona wakarudisha na kushinda 3-2.

Na tusisahau anavyocheza. Huyu ni kiungo mkabaji asiyesubiri mpira umfuate. Anaupima, anajirusha chini, mguu unafika kabla mshambuliaji hajageuka, kisha anasimama na mpira kana kwamba hakulala. Kwenye Euro ile kadi za njano zilimkosesha mechi ya Finland. Ukikaba namna hiyo kila wiki, magoti ndiyo yanayolipa.

Hapo ndipo naachana na walalamikaji. Kucheza na wavulana hakukumharibu. Ndiko kulikomfunza kutumia bega na kusoma mchezo mapema, maana wenzake walikuwa wanamzidi mbio. Na kuna mifano inayoharibu hesabu ya "mapema mno". Alexia Putellas, nyota wa Barcelona na Hispania, alichanika kano hiyo Julai 2022 akiwa na miaka 28. Arsenal msimu wa 2022/23 walipoteza wachezaji wanne kwa jeraha hilohilo: Beth Mead, Vivianne Miedema, Leah Williamson na Laura Wienroither. Hao hawakuwa watoto. Tafiti kwa ujumla zinaonyesha wanawake wanachanika kano hii angalau mara mbili zaidi ya wanaume, na sababu zinazotajwa ni nyingi, kuanzia umbo la nyonga hadi viatu vilivyoundwa kwa kufuata mguu wa mwanamume.

Lakini wanaosema "bahati mbaya" nao wananikera kidogo, kwa sababu ya tarehe moja: Julai 16, 2024, Hanover. Ujerumani walikuwa wanacheza na Austria, mechi ya kufuzu Euro 2025, na tiketi walikuwa nayo mfukoni tayari. Wakashinda 4-0. Oberdorf akachanika kano kwa mara ya kwanza, siku chache kabla ya Olimpiki ya Paris. Ukimtetea kocha Horst Hrubesch utasema siku nne kabla timu ilikuwa imechapwa 3-0 na Iceland, hivyo alihitaji kikosi chake kamili kirudishe makali kabla ya Paris. Ni utetezi wa kweli, na mimi ningekuwa kocha huenda ningefanya vilevile. Ila hapo ndipo tatizo lilipo: ratiba imepangwa hivi kwamba kila kocha ana sababu nzuri ya kumchezesha, na hakuna mwenye sababu ya kumpumzisha. Si umri alioanzia, ni mapumziko ya majira ya joto aliyonyimwa.

Wenzake walirudi Paris na shaba. Bayern, waliomnunua kutoka Wolfsburg kiangazi hichohicho, walibeba ligi na kombe la Ujerumani msimu uliofuata, yeye akiwa kwenye mazoezi ya kurudi. Euro 2025 pia ikampita. Kwa hiyo wapo wanaodai aliharakishwa kurudi baada ya jeraha lile la kwanza, lakini mimi siyakubali madai hayo: alikaa nje zaidi ya mwaka. Kijana aliyekwisha kufanyiwa upasuaji wa kano hii yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuchanika tena, hata akisubiri.

Mtu wa kumtazama sasa ni Giulia Gwinn, mwenzake wa Bayern. Siku ile Oberdorf anavunja rekodi dhidi ya China, bao pekee la Ujerumani lilifungwa na Gwinn, na tuzo ya chipukizi wa Kombe lile la Dunia akaichukua yeye. Kisha akachanika kano mwaka 2020, na tena mwaka 2022. Aliporudi uwanjani mwaka 2023 alikuwa na miaka 24, umri ambao Oberdorf ameutimiza Desemba 2025. Baadaye Gwinn alikabidhiwa kitambaa cha unahodha wa timu ya taifa.