Lee Lai-shan si mtu wa medali moja

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp nilimtaja Lee Lai-shan wa Hong Kong, mwanamichezo wa ubao wa tanga (windsurfing), na jamaa mmoja akajibu hapo hapo: "Si yule wa medali moja? Baadaye aliishia kushindwa tu." Neno hilo limenikaa rohoni, na jibu langu ni refu mno kwa ujumbe wa simu.

Haya, nakubali kwamba dhahabu ya Olimpiki ya Atlanta 1996 ndiyo iliyomtangaza. Hong Kong, wakati huo ikiwa bado chini ya Waingereza, haikuwa imewahi kupata medali yoyote ya Olimpiki. Binti wa kisiwa cha Cheung Chau, aliyefundishwa ubao wa tanga na mjomba wake, akawapiku wote, kisha akasema wazi kwamba wanamichezo wa Hong Kong si takataka. Dhahabu ya pili walikuja kuipata Tokyo, mwaka 2021, kwenye mchezo wa vitara, yaani kushindana kwa panga nyembamba.

Lakini mchezo huu haupimwi kwa siku moja. Mnashindana mbio nyingi, siku baada ya siku. Enzi za Lee wa kwanza aliandikiwa pointi 1, wa kumi aliandikiwa 10, na mwenye jumla ndogo ndiye aliyekuwa bingwa. Ukishinda leo, kesho upepo ukikugeuka ukamaliza wa kumi na tano mara kwa mara, raha yote imekwisha. Na wakati huo wote walipanda Mistral, ubao wa aina moja, tanga la mita za mraba 7.4 kwa kila mtu, kwa hiyo hakuna wa kusingizia chombo.

Sisi tuliokulia pwani tunajua kuusoma upepo: pale maji yanapotia weusi ndipo unapokuja. Sasa usome huo, ubishe, yaani uende kwa mshazari dhidi ya upepo, hadi kwenye boya, huku umezungukwa na wenzako wanaokuzibia upepo. Upepo ukilegea kabisa ndipo kazi inapoanza. Unalivuta tanga na kuliachia, unalivuta na kuliachia, mikono na mgongo vinawaka moto, na ukipumzika kidogo tu umeshapitwa. Mtu anayeyafanya hayo mwaka hadi mwaka utamwitaje wa medali moja?

Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1993, kabla ya Atlanta. Akaurudia ubingwa huo 1997, akaurudia tena 2001. Sydney 2000 hakupata medali, ndiyo. Athens 2004 alimaliza wa nne, akiwa na miaka 33, na hapo ndipo watu wanaposema "alishindwa". Wa nne duniani, miaka minane baada ya dhahabu! Mimi naiheshimu nafasi ile sawa na dhahabu yenyewe, na silisemi hili kwa kumliwaza mtu.

Tena watazameni aliokuwa akipambana nao. Barbara Kendall wa New Zealand: dhahabu 1992, fedha 1996, shaba 2000. Alessandra Sensini wa Italia: shaba 1996, dhahabu 2000, shaba 2004. Mwaka 2008 Mistral ilikuwa imeshaondolewa kwenye Olimpiki na kuletwa RS:X. Sensini, miaka 38, akajifunza ubao huo mpya, akaenda nao China na kuondoka na fedha.