Majuto ya Ashoka hayakufika Kalinga

Akitajwa Ashoka, mfalme wa ukoo wa Maurya aliyetawala sehemu kubwa ya Bara Hindi kuanzia takriban 268 hadi 232 KK, masimulizi ni yale yale: aliivamia Kalinga, nchi ya pwani ya mashariki ya bara hilo, akaiona damu, moyo ukamgeuka, akashika njia ya Buddha. Matamu, lakini mimi yananikwama kooni, na yanayonikwamisha ni mawe yake mwenyewe.

Mfalme huyu aliagiza maneno yake yachongwe kwenye miamba na nguzo kila pembe ya dola yake. Tangazo la 13 la miambani halifichi kitu: watu 150,000 walihamishwa kwa nguvu, 100,000 wakauawa, na waliokufa baadaye ni wengi mara nyingi zaidi. Anasema anajuta. Wagiriki wa Kandahar, katika Afghanistan ya leo, mbali kabisa na vita ile, waliyasoma hayo kwa Kigiriki. Mfalme kujiandikia mashtaka namna hiyo! Hapo namvulia kofia.

Sasa nenda Dhauli, karibu na Bhubaneswar, ndani ya Kalinga yenyewe. Mwamba upo, na tembo wa jiwe anachomoza juu yake. Tangazo la 13 halipo. Jaugada, kwenye mwamba mwingine wa Kalinga, nako halipo. Mahali pake pana maagizo kwa maofisa: watu wote ni wanangu, msiwafunge wala kuwatesa bila haki. Yaani wa mbali walisomewa majuto, waliozika wakasomewa ubaba.

Wapo watakaosema hakutaka kutonesha kidonda. Sawa, ila Kalinga hakuirudisha. Na katika tangazo lile lile la majuto anawaonya watu wa misituni kwamba, pamoja na huruma yake, nguvu bado anazo. Hukumu ya kifo nayo iliendelea. Alichoongeza ni siku tatu za kungoja.

Ashoka ninayempenda ni yule wa tangazo la kwanza. Zamani, anasema, wanyama malaki walichinjwa kila siku kwa ajili ya jiko lake. Sasa ni tausi wawili na paa mmoja, tena paa mwenyewe si kila siku, na hata hao watatu wataachwa baadaye. Nacheka kila nikifika kwa huyo paa. Mtu anayekiri kitoweo chake kwa ukweli kiasi hicho angeshindwaje kuwakabili watu wa Dhauli?