Mshindani wangu wa gari

Nilitaka kumshtukiza mke wangu kwa gari. Kulilipa kwa mkupuo ilikuwa ndoto, lakini muuzaji alisema nikitanguliza asilimia 20 atanizuilia, salio nitalilipa kwa awamu pamoja na riba. Chini ya risiti, kwa vile viherufi vinavyotaka miwani, paliandikwa: kianzio hakirudishwi mnunuzi akijitoa.

Wiki haijaisha, simu. "Bosi, kuna mteja analililia gari lako. Katanguliza zaidi yako. Ongeza kidogo nimkatishe tamaa."

Nikakopa, nikafikisha 25. Kumbe na yule kaongeza! Nikapanda hadi 30, huku nikimchora huyo adui kichwani: lijitu lenye kitambi, pete vidole vyote, huruma hamna.

Nyumbani kulikuwa shwari ajabu. Mke wangu alianza kubana matumizi bila kuambiwa, mimi nikawa naenda kazini kwa miguu, kila mmoja akimsifu mwenzake kwa nidhamu. Usiku mmoja nikamsikia akiomba: "Ee Mungu, huyo anayeniwekea kauzibe, mkaushe mifuko!" Nikaitikia "Amina" kwa nguvu zote, maana na mimi nilikuwa na wangu wa kukaushwa.

Siku ya kusaini nilipangiwa saa sita mchana. Kiherehere kikanifikisha saa nne. Mbele ya meza ya muuzaji alikaa mwanamke, kanipa mgongo, kajifunga mtandio niliomnunulia mimi mwenyewe.

"Baba watoto! Umefuata nini huku?"

"Wewe je?"

Tukatoa risiti. Gari lile lile, namba ya chesisi ile ile. Lijitu langu lenye kitambi ndiye mama watoto. Yeye naye, nilivyokuja kuambiwa baadaye, alikuwa akinichora kama mzee bahili mwenye kipara. (Kipara, kwa kweli, ninacho.)

Muuzaji akakohoa. "Sasa mmoja wenu akijitoa, kwa mujibu wa risiti, kianzio chake..."

"Nani kakwambia kuna anayejitoa?" mke wangu akamkatiza. "Jumlisha!"

Akaitwa meneja na kikokotoo chake. Asilimia 30 zangu, 35 zake: 65. Deni limebaki 35, na riba itahesabiwa kwenye hizo tu, si zile 80 za mwanzo. Muuzaji sura ikamshuka.

"Kadi ya gari niandike jina la nani?" meneja akauliza.

"Langu," mke wangu akadakia. "Nimemzidi asilimia 5."