Usinunue namba ya kwenye boksi

Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia picha mbili za kadi za sauti, vile vifaa vya kuunganisha maiki na kompyuta, akiwa dukani Kariakoo. "Mjomba, nichukue ipi? Hii ni ya 192, ile ni ya 96 tu." Nikamjibu aziache zote mezani kwanza, aniambie anarekodi nini. Anarekodi sauti yake na gitaa, chumbani kwake, kwa laptopu ya mtumba. Basi hiyo 192 haimhusu.

Namba ile inaeleza kadi ya sauti hupima mlio mara ngapi kwa sekunde: mara 192,000. CD hutumia 44,100 na video kwa kawaida 48,000. Sikio la kijana mzima huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na ili kuinasa mitetemo hiyo lazima upime zaidi ya mara mbili yake, kwa hiyo 48,000 zinabeba kila anachoweza kusikia. Ukipanda hadi 192 unapata faili kubwa mara nne na kompyuta inayohema. Bora uangalie kama kadi inarekodi kwa biti 24, yaani jinsi kila kipimo kinavyonasa kwa undani sauti ndogo na kubwa. Hapo unaweza kuweka sauti chini kidogo, na mwimbaji akipandisha kwenye kiitikio haipasuki.

Swali zito kwangu ni kadi inakuza maiki kwa kiasi gani. Kwenye nyumba zetu zenye jogoo, bodaboda na mvua juu ya bati, wengi tunaona heri maiki ya dainamiki kuliko kondensa, maana kondensa husikia hadi jirani anapokohoa. Lakini dainamiki ina sauti ndogo. Shure SM7B, maiki ya dainamiki ambayo kila mwenye podikasti anaitamani, inahitaji desibeli kama 60 za kukuzwa. Kadi ya Focusrite Scarlett 2i2 ya toleo la tatu inaishia 56. Ya toleo la nne, iliyotoka 2023, inafika 69. Sasa tazama mtego: Scarlett Solo ya toleo hilohilo la nne inaishia 57. Zinafanana sura, zinakaa rafu moja, lakini kwa Solo utafungua kitufe hadi mwisho na bado utakuwa unaitafuta sauti, huku mvumo wa "shhh" ukipanda nayo.

Kuna jambo jingine ambalo bado linaniuma. Miaka kadhaa nyuma nilimrekodi dada mmoja wa kwaya kwa kadi isiyo na njia ya kumrudishia mwimbaji sauti yake moja kwa moja. Sauti ilikuwa inaingia kwenye kompyuta, inachakatwa, ndipo inarudi kwenye hedifoni. Laptopu yangu ilikuwa dhaifu, nikaweka bafa ya 1024, yaani vipimo vya sauti ambavyo kompyuta hukusanya kwanza kabla ya kuvichakata, ili isikwaruze. Kwa 44,100 hiyo ni milisekunde 23 za kwenda, na nyingine karibu hizohizo za kurudi. Alijisikia akiwa nyuma ya ngoma, akavuta, akazidi kuchelewa. Nilimrudisha mstari mmoja mchana kutwa. Aliondoka akiamini hajui kuimba, nami nilimwacha aamini hivyo. Kosa lilikuwa langu na la kifaa, sauti yake haikuwa na tatizo lolote.

Ndiyo maana kadi isiyo na kitufe cha kusikiliza moja kwa moja siipendekezi kwa mtu yeyote anayeimba, hata ikiuzwa nusu bei.

Kuhusu matundu ya kuchomekea maiki na vyombo, mtu anayeimba huku anapiga gitaa anahitaji mawili, moja liwe na swichi ya kupokea gitaa la umeme. Matundu manane ni ya mwenye ngoma nzima. Kwa watumiaji wa Windows, hakikisheni kampuni ina draiva yake ya ASIO (programu inayopunguza kuchelewa kwa sauti) kwa kadi hiyo, na nendeni dukani na laptopu yenu. Muuzaji akikataa isichomekwe hata dakika tano, aga uende duka la pili.

Mpwa wangu hakuchukua yoyote kati ya zile mbili. Alirudi siku ya pili akapata yenye matundu mawili na kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, imetumika kidogo. Hela iliyobaki ikatosha stendi ya maiki na mablanketi mawili mazito ya kuning'iniza nyuma yake anapoimba. Jana alianza kurekodi saa nne usiku, bodaboda zilipopungua.