Anzeni na Vitabu vya Stesheni

Ukitaja fasihi ya Kihindi siku hizi, mtu wa vitabu atakutajia Geetanjali Shree, mshindi wa Tuzo ya Kimataifa ya Booker ya 2022. Ni haki yake. Ila anayetaka kujua Kihindi kinasomwaje na watu wa kawaida, mimi ningemwelekeza kwenye riwaya pendwa: za wapelelezi, majambazi na mapenzi, zilizochapwa kwa miongo mingi Meerut, mji wa kaskazini mwa India, kwenye karatasi duni na kuuzwa vibandani kwenye stesheni za reli.

Wengi wetu tumeshazionja bila kujua. Waliomlilia Rajesh Khanna katika filamu ya Kati Patang walikuwa wanatazama hadithi ya Gulshan Nanda, bingwa wa riwaya za mapenzi. Na Sabse Bada Khiladi, ile ya Akshay Kumar ya 1995, imetoka kwenye kitabu cha Ved Prakash Sharma, mtu wa Meerut hasa.

Lakini wangu mimi ni Surender Mohan Pathak. Ameandika karibu riwaya 300, nyingi akiwa bado ameajiriwa kwenye kampuni ya simu ya serikali. Mhusika wake mkubwa, Vimal, ni Singasinga, mhasibu aliyesingiziwa wizi kwa njama za mkewe na hawara yake. Akafungwa, akatoroka jela, akanyoa ndevu, akavua kilemba, akabadili jina. Kila akitaka kutulia anatokea mtu anayemtambua: tusaidie kuiba au tunakwenda polisi. Ndivyo anavyojikuta Amritsar, katika riwaya ya 1977, akivunja benki yenye laki 65 za rupia. Kinachonishika si wizi wenyewe (mipango ya wizi hufanana). Ni jinsi Vimal anavyochoka. Anatamani maisha madogo, kazi, chumba, jina moja, na hadithi haimpi.

Wakosoaji wa Delhi waliita hizi takataka. Sawa, zipo takataka, tena nyingi. Maiti ni nyingi mno, na wanawake mara nyingi huwekwa ama kupendezesha ukurasa ama kusaliti. Sitetei hilo.

Kizazi kipya ni habari nyingine. Satya Vyas na Divya Prakash Dubey, wanaochapwa na Hind Yugm, huandika Kihindi cha vijana kama wanavyoongea, Kiingereza kikiwa kimechanganywa humo humo. Mwaka 2017 gazeti la Dainik Jagran lilianza kutoa orodha ya vitabu vya Kihindi vinavyouzika zaidi, na majina yao yakawa humo. Nawasoma kwa raha, wanachekesha. Tatizo langu ni kwamba kila nikifungua kitabu nakutana na kijana yule yule: bweni la chuo, rafiki mropokaji, msichana, kazi inayochosha. Mchukuzi wa stesheni, karani aliyefukuzwa, polisi mla rushwa, wote wamepotelea wapi?

Pathak mwenyewe alihamia kwa wachapishaji wakubwa, HarperCollins, na mwaka 2014 Vimal akatoka tena, safari hii kwenye karatasi nzuri. Asiyejua Kidevanagari, maandishi ya Kihindi, anaweza kusoma kile kisa cha laki 65 kwa Kiingereza, kilichotolewa na Blaft ya Chennai. Kwa Kiswahili sijaona hata kimoja, na inaniudhi, maana msomaji aliyekesha na Joram Kiango wa Ben Mtobwa hahitaji kuelezwa Vimal ni mtu wa aina gani.