Dalali akiondoka, kazi yake ataifanya nani?

Alfajiri katika soko la Ilala, Dar es Salaam, Fuso iliyotoka Iringa na nyanya hufunguliwa turubai, na matenga hushushwa huku wanunuzi wakibanana kutazama nyanya za juu. Za juu huwa nzuri siku zote. Za chini zimekandamizwa njia nzima, karibu kilomita 500, na nyingine zimeshaanza kutoa maji. Mkulima aliyezichuma hayupo. Bei anaitaja dalali, na mwenye mali huisikia kwa simu baada ya mzigo kwisha, ikiwa imeshakatwa nauli, ushuru, upakuaji na kamisheni.

Mambo ya namna hii ndiyo yaliyozaa wito unaosikika sana siku hizi, kwamba mkulima mdogo aunganishwe moja kwa moja na mlaji, na jiji lijilishe kwanza kwa chakula cha jirani kinacholimwa bila kuua ardhi. Wito huu una uzito. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na pembeni yao wapo wakulima wa Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo na milima ya Uluguru, ambao mboga zao zingeweza kufika mezani zikiwa bado na uhai.

Hoja ya mazingira nayo huwa haitajwi vya kutosha. Kabichi na karoti za Mgeta hulimwa kwenye miteremko ya Uluguru, na maji ya milima hiyo huteremka hadi mto Ruvu, ambao mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini huuchota na kuyaleta maji yake jijini. Mkulima anayelima mteremko bila matuta ya ngazi hupoteza udongo wake, na udongo huo huishia mtoni, kwenye maji yetu ya kunywa. Kuchimba matuta ni kazi ngumu ya jembe, na mtu anayeuza kabichi kwa bei ya kutupa hana siku za kuitolea kazi hiyo. Kwa hiyo bei anayolipwa mkulima wa Mgeta inamhusu hata mkazi wa Kimara anayefungua bomba asubuhi.

Hata hivyo, naona wengi wanaotetea mfumo huu wanamlaumu dalali kuliko wanavyoielewa kazi yake. Dalali hukusanya matenga mawili ya huyu na matatu ya yule hadi gari lijae, humkopesha mkulima fedha za mbegu na dawa wakati ambapo benki haimtazami, na anajua ni mnunuzi gani atalipa leo na yupi atazungusha. Malipo anayojikatia mara nyingi ni ya dhuluma, lakini kazi yenyewe ni ya kweli, na siku akiondoka haiondoki naye.

Tuliwahi kujaribu kuwakabidhi wengine kazi hiyo. Vyama vya ushirika vya mazao vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na wakulima wazee bado wanakumbuka mazao yaliyokabidhiwa na malipo yaliyochelewa. Kikundi kipya kinachotaka kuuza pamoja kinaanza na deni hilo la imani, na hakiwezi kulilipa kwa semina. Kitalilipa kwa daftari la mauzo ambalo kila mwanachama anaruhusiwa kulifungua na kulisoma.

Kuna pia suala la nani hasa atakula. Makapu ya mboga yanayopelekwa nyumbani kwa bodaboda ni jambo jema, lakini yanamfaa mwenye friji na mwenye fedha za wiki nzima. Mtaani kwetu Tandika, watu hununua mlo wa siku hiyo. Mama mwenye genge hupanga nyanya mafungu ya nne nne, hukata matembele huku mteja akisubiri, na jioni huandika madeni ya majirani kwenye daftari lililochakaa kwa mafuta ya taa na maji ya mboga. Anajua nyumba ipi mshahara umechelewa. Mpango wowote wa chakula cha jirani usiopita kwenye genge lake utawalisha wachache, tena wale ambao hawakuwa na njaa.

Isitoshe, ukaribu peke yake si usalama. Mchicha wa bonde la Msimbazi, hapa hapa jijini, hufika sokoni ukiwa bado na umande, lakini mto unaoumwagilia hupokea majitaka ya viwanda na ya vyoo. Wanaolima pale wana haki ya kuishi kwa jasho lao, na walaji wana haki ya kujua maji yale yana nini. Kuyapima mara kwa mara na kutangaza majibu ni wajibu wa serikali, na kunapaswa kuendana na kuwatafutia wakulima hao maji safi, badala ya kuwafukuza tu.

Mimi ningeanzia kwenye mizani. Kanuni za vipimo zinakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, bado inajazwa na kushonewa kilemba cha mazao juu ya mdomo wake, na mkulima hulipwa kana kwamba kilemba hicho hakipo. Mazao yakiuzwa kwa kilo, nyanya zikisafirishwa kwa kreti badala ya matenga, hata dalali atabaki na malipo halali ya kazi yake, na kikundi cha wakulima kitaweza kushindana naye kwa hesabu zinazoonekana.

Baada ya hapo ndipo magenge yaunganishwe na mashamba ya karibu. Magenge matano ya mtaa mmoja yakichanga nauli ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, yanaweza kuchukua bamia na mchicha Mkuranga mara tatu kwa wiki bila kupitia soko la jumla. Kiangazi mpango huo unawezekana kabisa. Masika mabonde hujaa maji, barabara za mashambani hukatika, na mama wa genge hulazimika kurudi Ilala kwa dalali yule yule, ambaye atamwuzia kwa mkopo ikiwa tu hakumkosea heshima wakati wa kiangazi.